Sura ya Saba: Jino Haliumi Tena, Picha Nyingine ya Nini?

"Daktari, jino limetulia. Limezibwa, nimelipa, natafunia. Sasa mbona unaniambia nirudi baada ya miezi sita nipigwe picha nyingine?"

Madaktari wa meno hulisikia swali hili kila siku, na kwa mtu wa Pangani lina uzito wa nauli. Kutoka Pangani mjini hadi Tanga, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ni safari ya kilomita zinazokaribia 50, ukipita Kigombe na Tongoni. Anayetoka Ushongo au Mkwaja ana mto wa kuvuka kabla hajaianza safari yenyewe. Kufunga safari hiyo ukiwa na jipu shavuni hakuhitaji kubembelezwa. Kuifunga kwa ajili ya jino ambalo halina neno ni jambo jingine.

Jibu la daktari huwa fupi: "Tunataka kuona kama limepona." Mgonjwa husikia kana kwamba ameambiwa bado anaumwa. Wote wawili wana hoja. Meno yana kupona kwa aina mbili, na aina inayohisiwa na mgonjwa siyo inayotafutwa na daktari.

Kinachopona ni mfupa

Katikati ya jino pana kiini, nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Kiini huteremka ndani ya mzizi kupitia mfereji mwembamba hadi ncha yake, iliyochomekwa kwenye mfupa wa taya. Jino likioza na tundu likafika kwenye kiini, bakteria huingia. Hapo ndipo mtu hukesha akitembea uani na karafuu shavuni. Baada ya siku kadhaa maumivu yanaweza kukoma yenyewe, mgonjwa akashukuru. Kumbe kiini kimekufa, na kilichokufa hakiumi.

Bakteria hawakomei hapo. Sumu zao huvujia kwenye mfupa kupitia ncha ya mzizi. Mwili hutuma chembe za kinga kuzuia maambukizi yasisambae, na katika mapambano hayo mfupa unaoizunguka ncha huyeyuka. Pengo hujaa tishu laini ya uvimbe, pengine na usaha. Katika sura hii pengo hilo litaitwa kidonda cha mfupa. Kwenye picha ya eksirei huonekana kama doa jeusi chini ya mzizi, kwa sababu mionzi hupita kirahisi palipokosa madini.

Tiba ya mzizi wa jino hufanyika ndani ya jino tu. Daktari hupiga ganzi, hutoboa, hutoa mabaki ya kiini, kisha husugua mfereji kwa vyuma vyembamba viitwavyo faili. Huuosha kwa hipokloraiti ya sodiamu, kemikali ile ile ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mwisho huujaza gutaperka, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki uliochanganywa na oksidi ya zinki na bariamu ili uonekane mweupe pichani, halafu huziba juu.

Mfupa hajaugusa. Mfupa hujijenga wenyewe pale bakteria wanapokwisha, na haufanyi haraka. Maumivu huondoka ndani ya siku chache, lakini pengo la milimita kadhaa huchukua miezi kuziba, wakati mwingine miaka. Miongozo ya Chama cha Ulaya cha Tiba ya Mizizi ya Meno ya mwaka 2006 inataka picha ya uchunguzi baada ya mwaka 1, na kama kidonda hakijafutika, kifuatiliwe hadi miaka 4. Miaka 4 bila maumivu, na bado hukumu haijatoka!

Kwa ufupi: maumivu ni habari za neva, doa jeusi ni habari za mfupa. Jino linaweza kukaa kimya huku kidonda chake kikipanuka.

Inafaa kukiri kwamba wengi wa Pwani hawafiki hata hatua hii. Jino bovu hung'olewa. Kung'oa ni rahisi, huisha kwa siku moja, na kwa miaka mingi ndiyo tiba iliyokuwepo. Tanzania ilianza kusomesha madaktari wake wa meno Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979; kabla ya hapo walisomea nje ya nchi. Tiba ya mzizi, inayodai muda, picha na kurudi, imechelewa kuwafikia watu. Ndiyo maana anayeipata anastahili kujua kama imefanya kazi.

Dakika 25 sakafuni

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi yake mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Wiki chache baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilala sakafuni bila kutikisika kwa dakika 25, na bamba la kioo mdomoni. Pangani wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani hao hao. Ilikuwa imepita miaka 6 tu tangu wamnyonge mpinzani wao Abushiri bin Salim mjini hapo, Desemba 1889.

Aliyeipeleka mionzi kwenye mizizi ni Mmarekani, Edmund Kells wa New Orleans. Mwaka 1899 alipitisha waya wa risasi ndani ya mfereji wa jino, akapiga picha na kuona waya umefika wapi. Madaktari bado hupima urefu wa mzizi kwa njia inayofanana sana na hiyo. Kells aliulipia ujuzi wake. Kwa miaka mingi alikuwa akishika filamu kwa mkono wake mdomoni mwa wagonjwa. Saratani ikamla vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 alijiua.

Leo picha ndogo ya jino hupigwa kwa sehemu ya sekunde, na mionzi yake inakaribiana na ile ambayo kila binadamu huipata kwa siku moja kutoka ardhini, angani na katika chakula. Nchini mashine hizi lazima ziwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Anayekataa picha kwa kuogopa mionzi ana hofu iliyokuwa na haki enzi za Kells.

Madaktari sita, picha zile zile

Basi picha mbili zipo mezani, moja ya siku ya kuziba na nyingine ya mwaka mmoja baadaye. Daktari anazitazama. Doa limepungua au halijapungua?

Mwaka 1972 nchini Marekani, Goldman na wenzake wawili walitoa matokeo yaliyoiudhi fani nzima. Waliwapa wataalamu 6 picha za meno yaliyotibiwa mizizi na kuwauliza lipi limefaulu na lipi halijafaulu. Wote 6 walikubaliana katika meno yasiyofika nusu. Walipokuja kuonyeshwa picha zile zile miezi kadhaa baadaye, wengine walipingana na majibu yao wenyewe. Jicho lenye shahada, likiwa limepumzika na bila haraka ya foleni nje ya mlango, lilikuwa halijaamua.

Sababu haikuwa uzembe. Picha ya eksirei ni kivuli cha vitu vyote vilivyo njiani mwa mionzi, kimoja juu ya kingine. Taya lina ganda gumu nje na mfupa wenye vitundu vingi ndani. Mwaka 1961 Bender na Seltzer walitoboa mashimo kwenye mataya ya maiti na kuyapiga picha. Shimo likibaki kwenye mfupa wa ndani peke yake, picha haikulionyesha. Lilionekana pale ganda lilipoanza kuliwa. Ina maana kidonda kinaweza kuwepo bila doa. Tena kuna madoa yasiyo vidonda. Kwenye taya la chini, karibu na magego madogo, pana tundu la asili la kupitishia neva ya mdomo. Likiangukia chini ya ncha ya mzizi pichani, mtu asiye na kesi anaweza kutibiwa.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuweka ngazi. Brynolf, mtafiti wa Sweden, alikuwa amelinganisha picha za meno ya mbele ya marehemu na tishu zilizotazamwa kwa hadubini, akachapisha kazi hiyo mwaka 1967. Mwaka 1986 Ørstavik na wenzake wa Norway waliitumia kutengeneza kipimo cha ngazi 5:

1. Mfupa wa kawaida.
2. Mabadiliko madogo ya umbile la mfupa.
3. Mabadiliko yenye dalili za kupotea madini.
4. Doa jeusi lenye mipaka inayoonekana wazi.
5. Doa kubwa lenye dalili za kuzidi kuenea.

Daktari hulinganisha picha yake na picha za mfano, kisha huandika namba. Kipimo hiki bado kinatawala, na ni kizuri kwa kazi yake. Udhaifu wake uko kwenye upana wa hatua zake. Kidonda kinaweza kupungua sana na kubaki ngazi ya 4, mgonjwa akaambiwa "hali ile ile" wakati mfupa unajengeka.

Kompyuta inahesabu nini hasa

Mwaka 1987 Mfaransa Francis Mouyen alileta kifaa cha mdomoni kinachopokea mionzi na kuipeleka moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta, bila filamu wala dawa za kuisafishia. Faida iliyotangazwa ni haraka na mionzi michache. Faida iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa picha ilikuwa imegeuka namba.

Picha ya kidijitali imegawanywa katika vidoa vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli ina namba yake, kwa kawaida kuanzia 0, nyeusi tititi, hadi 255, nyeupe pe. Jicho haliwezi kutenganisha ngazi zote hizo za kijivu. Kwa kompyuta, 141 na 143 ni vitu viwili tofauti, asubuhi au jioni, mwaka huu au ujao.

Kazi rahisi kuliko zote ni kupima eneo. Daktari huzungushia doa mstari, kompyuta huhesabu pikseli zilizomo na kuzigeuza milimita za mraba kwa kutumia kitu chenye ukubwa unaojulikana pichani. Tuchukue kidonda cha duara chenye upana wa milimita 6, ambacho baada ya mwaka kimebaki na milimita 4. Jicho linaona upungufu wa theluthi moja, nalo huupokea kwa shingo upande. Eneo lakini limeshuka kutoka milimita za mraba 28 hadi karibu 13, chini ya nusu. Mgonjwa wa namna hii angeweza kufunguliwa jino upya, au kung'olewa, kwa sababu tu ya kukadiriwa kwa macho.

Kazi ya pili ni kutoa. Kompyuta huchukua picha mpya na kuondoa ile ya zamani, pikseli kwa pikseli. Kisichobadilika, yaani mzizi, gutaperka na mfupa mzima wa pembeni, hufutika na kuwa kijivu kilekile. Palipoongezeka madini hung'aa. Palipopungua huwa peusi. Wazo hili ni la zamani, lilibuniwa na daktari Mholanzi Ziedses des Plantes miaka ya 1930 kwa kulaza filamu moja juu ya nyingine. Gröndahl na wenzake walilileta kwenye picha za meno za kompyuta mwaka 1983. Katika majaribio ya maabara njia hii imeonyesha mabadiliko ya madini ya takriban asilimia 5, wakati jicho kwenye picha ya kawaida huhitaji asilimia 30 au zaidi.

Ni hesabu ya darasa la pili, ila ina sharti gumu. Picha mbili lazima ziwe zimepigwa sawasawa, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia.

Wavuvi wa Ushongo wanalijua tatizo hili kupitia kisiwa cha Maziwe, kilicho baharini mbele yao. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa wakitaga huko kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, likabaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Atakayetaka kujua kama fungu hilo linakua au linaliwa, akapiga picha moja maji yamekupwa na nyingine yamejaa, ataondoka na jibu lisilohusu mchanga hata kidogo. Atakuwa amepima bahari. Kadhalika mrija wa eksirei ukiinamishwa zaidi mara ya pili, mzizi hurefuka au hufupika na doa hubadilika umbo. Mionzi ikiongezwa kidogo, picha nzima huwa nyeusi zaidi na kompyuta hutangaza kwamba mfupa umeliwa.

Programu huweza kusahihisha sehemu ya makosa hayo. Huoanisha picha mbili kwa kutumia alama zisizohama, kama ncha ya mzizi na mahali taji linapokutana na mzizi, halafu husawazisha wepesi na uzito wa rangi ya kijivu. Pembe ikipotoka sana, hakuna hesabu inayoweza kurudisha kivuli ambacho hakikuwahi kuangukia pale. Kinachosaidia zaidi ni kishikio cha plastiki kinachoumwa na mgonjwa, kikifunga mrija, jino na kipokezi katika mstari mmoja. Katika utafiti, kishikio hutiwa pia ute unaoganda na kubaki na chapa ya meno ya mgonjwa huyo, ili arudipo aume pale pale. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote chumbani, na ndicho kinachoamua kama kompyuta itasema kweli.

Hata programu yenyewe si lazima iwe ya ghali. ImageJ, iliyoandikwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997, hutolewa bure na huenda kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Hupima eneo, hutoa picha moja kwenye nyingine, na ikiongezewa vipande vya ziada huzioanisha. Haijasajiliwa iwe hakimu wa tiba, ni chombo cha watafiti. Lakini mwanafunzi wa udaktari wa meno mwenye picha mbili nzuri anaweza kujifunzia jioni moja.

Kwa ufupi: ubora wa jibu huamuliwa siku ya picha ya kwanza, kabla hata kompyuta haijawashwa.

Programu zinazojifunza, na walimu wao

Miaka ya karibuni zimeingia programu za akili bandia, ambazo hulishwa maelfu ya picha zilizokwisha kuwekewa alama na madaktari hadi zijue zenyewe kutafuta doa. Zina kasi, hazichoki, na huweza kumgutusha daktari aliyetazama jino la sita akasahau la saba. Katika kituo chenye tabibu mmoja wa meno na foleni ndefu, msaada huo si wa kubezwa.

Kuna swali moja tu la kumuuliza muuzaji: nani aliweka alama? Ikiwa ni madaktari wa aina ya wale 6 wa mwaka 1972, mashine imefundishwa mabishano yao, na sasa inayarudia kwa sauti ya uhakika. Swali la pili ni picha zilitoka wapi. Programu iliyolelewa kwa picha safi za vifaa vipya vya Ulaya inaweza kupotea ikikutana na picha ya mashine kongwe. Kwa kufuatilia uponaji, kuna kikwazo kingine: nyingi kati ya programu hizi husoma picha moja na kusema kama doa lipo. Kulinganisha mbili za nyakati tofauti ni kazi nyingine.

Na zipo kesi ambazo namba humshinda kila mtu. Kidonda kikubwa kilichokula ganda la taya pande zote mbili kinaweza kupona kwa kovu badala ya mfupa. Pichani hubaki doa jeusi la kudumu, kompyuta hulipima kwa usahihi, na jino ni zima. Eksirei ya pande tatu, iliyoanza kutumika katika meno mwishoni mwa miaka ya 1990, huona vidonda vidogo ambavyo picha ya kawaida huvikosa, lakini mionzi yake ni mingi zaidi na haifai kwa kila ziara ya kawaida ya kufuatilia.

Faili la mgonjwa wa Pangani

Tatizo la mtu anayesafiri ni kwamba picha yake ya kwanza inaweza kuwa Tanga, ya pili Dar es Salaam, na ya tatu kwa daktari wa Mombasa alikokwenda harusini. Hakuna programu itakayolinganisha picha ambayo hakuna anayejua iliko. Kabla hajaondoka hospitalini, mgonjwa aombe mambo haya:

- Nakala ya picha ya kabla ya tiba na ya siku ya kuziba, zote mbili. Ya pili ndiyo itakayolinganishwa.
- Tarehe, namba ya jino, na aina ya mashine, viandikwe kwenye kadi.
- Arudie kituo kile kile akiweza, maana mashine ile ile na kishikio kile kile hupunguza makosa.
- Tarehe ya kurudi ipangwe palepale: miezi 6 ikiwezekana, mwaka 1 bila kukosa.

Kuhusu nakala yenyewe, simu hutosha, ila si kwa namna inayofanywa na wengi. Picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu huja na mng'ao wa taa na pembe iliyopinda. Ikirushwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa ili iwe nyepesi, na kinachotupwa katika kubanwa huko ni zile tofauti ndogo za kijivu zinazotafutwa. Faili halisi kutoka kwenye mashine likitumwa kama hati, halibanwi. Litafika na pikseli zake zote, na daktari yeyote wa baadaye anaweza kulipima.